Chumvi ya Kijiko, Bei ya Gunia

Leo nataka tuzungumze, sisi wa Nyangwe, wa Kasongo na wa Kabambare, juu ya makuta ya nyumbani: ya chumvi, ya sabuni, ya mawese, ya taa na ya simu. Sisemi juu ya makuta ya kujenga nyumba wala ya kutoa mahari. Nasema haya madogo kwa sababu ndiyo yanayotumaliza. Mtu akitaka kununua baiskeli hukaa na mke wake, huulizia bei kwa wauzaji watatu, husimama kubishana mpaka jua linapinda. Chumvi haipati heshima hiyo. Mtoto anatumwa na noti moja, anarudi na fungu, na kesho anatumwa tena.

Tufanye hesabu pamoja. Bei nitakazozitaja ni za mfano tu. Wewe weka bei za soko lako, utaona hesabu inakwenda vilevile. Tuseme gunia la chumvi la kilo 25 linauzwa franka 50,000. Maana yake kilo moja ni franka 2,000. Sasa muuzaji wa barazani analifungua gunia, anapima kwa kijiko, kila fungu franka 100, na kilo moja inamtolea mafungu 35. Kwako wewe unayenunua fungu, kilo imekuwa franka 3,500. Nyumba inayomaliza kilo mbili kwa mwezi inatoa franka 3,000 zaidi kila mwezi, na mwaka ukiisha ni franka 36,000. Hiyo ni chumvi peke yake. Sijagusa sabuni inayokatwa vipande, wala mawese yanayouzwa kwa kikombe, wala petroli ya taa inayomiminwa kwenye kichupa.

Basi mwenye makuta machache ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote. Tajiri wa Kasongo mjini ananunua gunia zima, chumvi yake ni rahisi. Mjane wa kijijini ananunua kijiko, chumvi yake ni ghali. Jambo hili linaniuma, na naomba liwaume na ninyi, kwa sababu tumezoea kumwambia maskini kwamba hajui kutunza. Anajua sana. Kila jioni anapiga hesabu ambayo tajiri hajawahi kuipiga. Anachokosa ni zile franka 50,000 za siku moja.

Hapo nisieleweke vibaya juu ya mama anayeuza mafungu. Yeye si mwizi. Gunia lake limetoka mbali: limeletwa na treni mpaka stesheni, au limepita barabara ya Fizi na Kabambare, likashushwa mara tatu, likapakiwa kwenye pikipiki au likafungwa kwenye baiskeli inayosukumwa kwenye tope. Kila aliyeligusa amelipwa. Kisha mama huyo anakaa juani siku nzima, chumvi inanyeshewa, mteja anakopa halipi. Zile franka 1,500 za juu ya kilo ndizo zinazowalisha watoto wake. Kwa hiyo tunapotafuta kubana matumizi, tusitafute kumuua jirani.

Ninachopendekeza ni hiki. Nyumba kumi zinazojuana zikutanishe makuta, kila nyumba franka 5,000 kwa bei za mfano wetu, zinunue gunia moja, zigawane kilo mbili na nusu kila nyumba. Na gunia hilo liagizwe kwa mama yuleyule wa barazani. Mpeni makuta yake mkononi, mwongezeni kidogo juu kwa kazi ya kuagiza. Yeye atakuwa ameuza gunia zima kwa saa moja, bila deni na bila mvua, na ninyi mtakuwa mmepata chumvi kwa bei iliyo karibu na ya gunia. Chumvi haiozi. Iwekwe katika kopo lenye kifuniko, juu ya kichanja, mbali na moshi na unyevu wa chini, itawafikisha. Sabuni pia: ikikaa wiki chache mahali pakavu hukauka, ikawa ngumu, na sabuni ngumu haiishi haraka majini. Lakini mawese msiyanunue mengi kupita kiasi, maana mafuta yakikaa wazi huharibika ladha, na nyumba yenye bidoni kamili mikono inakuwa mirefu kwenye sufuria.

Watu wa Nyangwe hawahitaji mgeni awafundishe bei. Soko letu lilikuwa na sifa kabla kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili hakijasimama hapa ukingoni mwa Lualaba, karibu na mwaka 1860. Msafiri David Livingstone alifika Machi 1871 na siku za soko alikuwa akienda kutazama. Aliandika kwamba wengi waliokuwamo ni wanawake. Aliwaona wakibadilishana samaki wakavu kwa mihogo, ndizi, kuku, mawese, chumvi na pilipili, jasho likiwatiririka usoni, kila mmoja akitetea ubora wa mali yake. Aliwaona wafinyanzi wakipigapiga vyungu vyao pande zote ili mnunuzi asikie kwa mlio kwamba hakuna ufa. Na aliandika kwamba wanawake hao waliuziana kwa haki, na ugomvi wao ulimalizika upesi. Soko hilohilo ndilo lililopigwa risasi na watu wa wafanyabiashara hao tarehe 15 Julai 1871. Mamia walikufa, wengi wao wakizama mtoni walipokimbilia mitumbwi. Msafiri Cameron alipopita mwaka 1874, na msafiri Stanley mwaka 1876, walikuta soko linaendelea. Wanawake walikuwa wamerudi.

Nayataja haya kwa sababu ninasikia wababa wakisema kwamba mwanamke hawezi kushika hesabu ya nyumba, atatawanya. Wanawake wa ukingo huu walikuwa wakipima thamani ya samaki kwa mihogo, na ya chungu kwa uzi wa shanga, kabla franka haijazaliwa. Mama anayekwenda sokoni kila siku ya soko ndiye anayejua kwamba ndakala wamepanda bei kwa sababu barabara ya Kabambare imekatika, na kwamba wiki hii ni afadhali kupika sombe kwa karanga. Baba anayempa makuta ya siku moja moja, asubuhi, kama posho, anamlazimisha kununua kwa kijiko. Amempa hasara kabla hajatoka mlangoni. Mkabidhi makuta ya wiki mbili kwa mara moja, kaeni chini mpange, halafu umwache afanye kazi anayoijua.

Juu ya taa na simu sitakaa sana. Nyumba inayonunua betri za tochi kila mara, au petroli kila jioni, ifanye hesabu ya miezi sita, kisha iulize bei ya taa ndogo ya sola. Mara nyingi taa hiyo inajilipa kabla mwaka haujaisha, mradi usinunue ile hafifu inayokufa msimu wa kwanza wa mvua. Ukiweza kupata kibao cha sola kinachochaji na simu, ndugu wawili watatu wa uani wakichangia, mmeacha kulipa kuchajisha kila siku ya pili. Na yule anayetoa pesa za simu vipande vipande, leo franka 2,000 na kesho 3,000, akumbuke kwamba kila anapotoa kuna makato. Atoe mara moja.

Kuna mahali pa kutobana, nami nalisema hili kwa nguvu zangu zote. Usibane kwenye sahani ya mtoto mdogo. Nimeona nyumba ambazo zikitaka kuweka akiba zinauza karanga zote, mayai yote, kuku wote, na mtoto aliyeachishwa ziwa anabaki na ugali wa muhogo na maji ya sombe. Miezi inapita, miguu inavimba, nywele zinageuka rangi: ni bwaki. Hapo akiba yote inakwenda hospitali, na hospitali hairudishi kila mtoto. Fungu moja la karanga zilizosagwa kwenye uji ni matumizi madogo kuliko yote niliyoyataja leo. Chanjo nayo ni hivyo. Kasongo hapa, miaka ya 1970, madaktari na wauguzi wa mradi wa afya wa Kasongo walifuatilia watoto waliochanjwa surua na wasiochanjwa, wakaandika matokeo yao mwaka 1981 katika jarida la Lancet la Uingereza, na madaktari wa dunia nzima wakayajadili. Jina la mji wetu linajulikana katika vitabu vya afya kwa kazi ile. Basi isiwe ni sisi tunaomkosesha mtoto chanjo ya bure kwa sababu siku hiyo tuna shughuli shambani.

Sasa tuje kwenye akiba yenyewe. Mtu ataniuliza: hizo franka 36,000 za chumvi nikiziokoa nitaziweka wapi? Swali hili ni zito kwetu kuliko kwa watu wengine, na wazee wetu wana sababu ya kuuliza. Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazitumiki tena, na watu wakapewa siku chache tu za mwisho wa mwaka kuzibadilisha. Fikiria mkulima wa kijiji cha Kabambare, benki iko mbali, noti zake ziko kwenye chungu. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, na zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 ikaja franka, na zaire mpya 100,000 zikawa franka 1. Zidisha mwenyewe: franka moja ililingana na zaire za zamani bilioni 300. Na franka hiyo nayo haikusimama. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,800.

Kwa hiyo mzee anayekuambia kwamba makuta ndani ya godoro ni majivu, msikilize. Ndiyo maana yeye aliweka akiba yake katika mbuzi, katika vitenge ndani ya sanduku, katika mabati. Alikuwa na akili. Ila mbuzi naye ana shida zake. Ugonjwa ukipita zizini unapoteza wote. Majambazi wakipita, mbuzi ndiye wa kwanza kuchukuliwa, na watu wa upande wa Salamabila wanajua ninachosema. Tena ukihitaji franka 10,000 za dawa usiku, huwezi kuuza mguu mmoja wa mbuzi. Utamwuza mzima, kwa haraka, kwa bei anayotaka mnunuzi.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye hasara kubwa kuliko zote za nyumba zetu, kubwa kuliko ya chumvi. Ni mavuno. Mpunga na karanga zikitoka shambani kwa wakati mmoja, kila mtu anauza, bei inaanguka. Tunauza kwa sababu kuna deni la dukani, kuna karo ya sekondari, kuna nguo za sikukuu. Miezi inapita, ghala ni tupu, na sisi wenyewe tunarudi sokoni kununua kile tulichokiuza. Kibaya zaidi ni mbegu. Tuseme gunia la karanga umeliuza franka 60,000 wakati wa mavuno, na wakati wa kupanda unalinunua 100,000. Umelipa franka 40,000 kwa kukosa makuta madogo ya miezi michache. Mtu huyohuyo angepata mahali pa kukopa franka 50,000 kwa miezi mitatu, hata kwa nyongeza ya asilimia 5 kila mwezi, angelipa 7,500 juu, na gunia lake lingebaki ndani. Lakini likaushwe vizuri kwanza. Karanga zilizofungwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo ni sumu. Usiwape watoto wala usiwauzie watoto wa wenzako. Gunia liwe juu ya mbao, lisiguse ukuta, na panya watafutiwe dawa yao.

Mahali hapo pa kukopa tunaweza kupatengeneza wenyewe. Likelemba tunaijua sote: watu kumi wanachanga, mmoja anabeba, mwezi ujao mwingine. Ni nzuri, na iendelee. Udhaifu wake ni kwamba ugonjwa haungoji zamu yako. Ndiyo maana nawasihi muitazame AVEC, yaani chama cha kijiji cha kuweka na kukopeshana. Njia hii ilianzia Niger mwaka 1991, katika mkoa wa Maradi, kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, kisha ikaenea katika nchi nyingi za Afrika. Watu 15 mpaka 25 wanaojuana wanakutana kila wiki. Kila mmoja ananunua hisa, kuanzia moja mpaka tano, kwa bei waliyoipanga wenyewe. Makuta yanahesabiwa mbele ya macho ya wote, yanaingia katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu ambao si mwenye kulitunza sanduku. Kando yake kuna mfuko mdogo wa matatizo: kilio, ugonjwa, nyumba iliyoungua. Anayehitaji anakopa, anarudisha kwa muda uliokubaliwa. Baada ya miezi tisa au kumi na miwili sanduku linafunguliwa, kila mtu anachukua kwa kadiri ya hisa zake, na kikundi kinaanza upya.

Angalia jinsi jambo hili linavyojibu hofu ya wazee. Makuta hayalali mwaka mzima yakingoja kuliwa na kupanda kwa dola, kwa sababu yanatembea katika mikopo: yamekuwa karanga za kupanda, yamekuwa ndakala wa kuuza, yamekuwa dawa. Na mzunguko ni mfupi. Sanduku lenye makuta mengi ndani usiku ni sanduku hatari, kwa wezi na kwa bei pia, kwa hiyo kikundi chenye busara kinakopesha karibu yote siku ya kikao na kuacha kidogo.

Ndugu zangu Waislamu, na Kasongo na Nyangwe tuko wengi, wananiuliza juu ya ile nyongeza ya mkopo. Ni swali la haki, wala lisifanywe sababu ya kumcheka mtu. Kanuni za chama zinaandikwa na wanachama. Kikundi kinaweza kuandika kwamba anayekopa anarudisha kiasi kilekile, bila kuongeza, na kwamba chama kinanunua chumvi, sabuni na mbegu kwa jumla na kuwauzia wanachama wake kwa faida ndogo inayoingia sandukuni. Biashara ya wazi, bei ya wazi. Wakae na imamu wao wapange kabla ya kikao cha kwanza. Mgogoro ukizuka katikati ya mwaka unavunja chama.

Neno langu la mwisho nalielekeza kwenye tarehe ya kugawana, maana nimeona vikundi vingi vikiichagua bila kufikiri. Wengi hupenda kufungua sanduku karibu na Noeli au Idi, na makuta yote yanakwenda kwenye mchele wa siku moja na kitenge kipya. Sikatai sikukuu. Lakini masomo yanaanza Septemba. Msingi umekuwa bure tangu 2019, ila sekondari bado inalipiwa, na daftari na sare hazijawahi kuwa bure. Mvua inarudi mwezi huohuo, na shamba linataka mbegu. Sanduku likifunguliwa mwishoni mwa Agosti, mama hatauza mbuzi kwa ajili ya karo, wala hatakopa mbegu kwa bei ya kuumiza. Kikundi kinachoanza sasa kihesabu miezi kurudi nyuma kutoka Agosti, kipange hisa ndogo ambayo hata yule mjane wa kijiko cha chumvi anaiweza, kisha kimwendee huyo mjane wa kwanza, kabla ya mwenye duka, kimwulize kama anakuja.